Namba za Mzee Sirili

Baba yangu, Mzee Sirili, ana miaka sitini na mitatu, ng'ombe wawili, migomba, kahawa kidogo iliyobaki, na kwenye banda lililoegemea zizi ana kompyuta ambazo vijana wa Dar es Salaam wanazitamani. Siwatanii. Alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Moshi kwa miaka ishirini na nane. Alipostaafu, wenzake walifungua maduka ya pembejeo, yeye akarudi kwetu Mwika, juu mlimani, na kuanza kuunda kompyuta za kasi. Mama alidhani ni wazimu wa kustaafu, utapita. Haukupita.

Anachokipenda kuliko vyote ni diski. Si zile za zamani zinazozunguka na kukwaruza, bali hizi SSD za siku hizi, kipande chembamba kama big-ji ya kutafuna, kinabeba kazi ya mwaka mzima na kuifungua kabla hujapepesa jicho. Hununua, huazima, huletewa na vijana wanaotaka kujua ipi inafaa kwa hela yao. Kila moja anaipima mara tatu, anaandika kwenye daftari, kisha anajirekodi kwa simu akiwa na koti zito na kofia ya sufu, ng'ombe akilia nyuma yake, na kuirusha mtandaoni. Kufikia mwaka jana alikuwa na wafuasi elfu kumi na moja. Vijana wa magemu, wahariri wa video, wachora ramani za nyumba, wote wanamwita Mzee wa Namba. Akisema diski fulani inafaa, inaisha madukani. Akisema haifai, wauzaji wanampigia simu kulalamika.

Na baba hakosei. Hivyo ndivyo alivyokuwa anaamini, na sisi wa nyumbani tulishachoka kubishana naye. Sikuwahi kumsikia akisema samahani kwa mtu yeyote. Akikukanyaga, atakuuliza mguu wako ulikuwa unatafuta nini pale.

Mimi naitwa Mektrida, mwanawe wa pili. Napiga video za harusi, komunio na misiba hapa mjini. Watu husema nina mdomo, nina hasira, siwezi kuficha kitu usoni. Sawa, ni kweli, nimerithi. Kwa hiyo niacheni nieleze kwa namna yangu.

Mwaka jana mwezi wa saba baba alifanya pambano la diski mbili lililompa jina kubwa zaidi. Zote zilikuwa za terabaiti mbili. Moja ilikuwa ya shilingi laki tatu na arobaini, iko uchi, haina kifuniko. Nyingine ilikuwa ya laki sita na tisini, imevikwa bati nene lenye mapezi mgongoni. Alizipima kutwa nzima pale bandani. Ile ya ghali ilitoa megabaiti elfu saba kwa sekunde, ya bei nafuu ikatoa elfu sita na mia nane. Akazirundikia mafaili makubwa kwa saa nzima kuona ipi itachoka kwanza. Hakuna iliyochoka. Basi akaitazama simu, akanyanyua ile diski ya ghali, akasema maneno ambayo vijana waliyageuza stika za WhatsApp: "Wanangu, hiyo laki tatu na nusu ya juu mnalipia bati."

Mimi mwenyewe niliisambaza ile video. Nilijivuna, si uongo.

Ilipofika Desemba, Wachagga wote walipokuwa wanarudi nyumbani, nikapata kazi ya Julius. Ni kijana wa Marangu, anafanya kazi nje ya nchi, alikuja kuoa. Misa mjini Moshi asubuhi, sherehe mchana kihambani, kwenye shamba la ukoo wao Marangu, kwa bibi yake aliyemlea, Bibi Salvina, mwenye miaka tisini na minne. Julius alinikalisha chini akaniambia, "Dada Mektrida, keki ikikosekana sitakulaumu. Wacheza muziki wakikosekana sitakulaumu. Nataka vitu viwili tu: kiapo chetu kanisani, na Bibi akimpa mke wangu kata. Nikikosa kimoja, filamu yote kwangu haina maana."

Kata yenyewe ni kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Bibi anakunywa kwanza, anasema maneno yake, kisha anampa bibi harusi, na akishakunywa amekuwa mtoto wa nyumba ile. Inafanywa mara moja tu. Kwenye harusi ya kaka yake Julius, mpiga picha alimwomba Bibi arudie kwa sababu hakuipata vizuri, Bibi akamwambia akarudie ubatizo wake kwanza. Halafu safari hii kulikuwa na jambo lingine ambalo Julius alilisema akiangalia chini. Madaktari walikuwa wamemrudisha Bibi nyumbani. Hawakuahidi kwamba ataiona Pasaka.

Sasa tatizo langu lilikuwa kadi. Ninatumia kamera mbili, kila moja na kadi yake kubwa ya kuhifadhi video, na kwa ubora aliotaka Julius kadi zote mbili zingejaa kanisani. Kwa sherehe nilihitaji mbili nyingine, na moja ni laki sita. Nikamwambia baba ninakwenda kununua.

"Milioni moja na laki mbili kwa kadi?" akasema. "Nani amekuroga? Nitakuundia boksi. Unachomeka kadi zote mbili, unazimwaga humo kwa robo saa, unazifuta, unaendelea na kazi. Diski ni ile ya laki tatu na arobaini. Nimeshaipima."

Nikauliza, "Una hakika, Baba?"

Akaniangalia kama nimemtukana.

Akaunda. Kompyuta ndogo ndani ya kisanduku, inakula umeme wa betri ya gari, na programu aliyoipanga mwenyewe, inachota kadi zote mbili kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, ili zimalizike pamoja. Ukiikatisha katikati inaanza upya. Nusu haikufai kitu. Hilo nalo lilikuwa wazo lake, na mimi kwa ujinga wangu nikalikubali.

Siku ya harusi aliteremka kutoka Mwika alfajiri, amevaa suti yake ya kustaafia, akaomba kukaa ndani ya gari langu, Probox, na boksi lake. Alitaka kuliona likifanya kazi siku ya kwanza. Nikaingia kanisani. Mahubiri yalikuwa marefu, acha tu. Kiapo nilikipata vizuri sana, kamera moja usoni kwa bibi harusi, nyingine kwa Julius ambaye sauti ilimkatika katikati akaanza tena. Saa sita na nusu misa ikaisha na kadi zangu zikawa zimejaa hadi ukingoni.

Maharusi wakaenda bustanini kupiga picha za mnato, kazi ambayo haikuwa yangu. Nilikuwa na dakika arobaini. Nikakimbilia kwenye gari, nikachomeka kadi. Saa saba kasoro dakika kumi.

Kioo kidogo cha boksi kikaandika megabaiti elfu moja mia mbili kwa sekunde. Dakika kumi na nne zimebaki. Baba akaniegemea bega, akasema, "Umeona?"

Nikaona. Nikanunua maji, nikarudi. Kama dakika mbili zilikuwa zimepita. Kioo kilikuwa kinaandika tisini.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikapangusa kioo kwa kidole. Tisini. Themanini na nane. Tisini na mbili. Muda uliobaki: saa mbili na dakika arobaini na tano.

"Baba, hii ni nini?"

"Ni kadi zako."

"Kadi zangu zimefanya nini?"

"Zimechoka. Au waya wako." Akachezea waya, akaugeuza, akaupuliza. Tisini. Akasema nimenunua waya wa Double Road, vitu vya mtaani. Nikamwambia waya alinunua yeye. Akafungua daftari lake, akasema, "Namba zangu zile nilizipima mara tatu, Mektrida. Hazidanganyi."

"Basi hii iliyo hapa ni namba ya nani?"

Akaupuliza waya tena. Jua la Desemba la Moshi mnalijua, lile la saa saba, halina huruma hata na mbwa. Gari lilikuwa limeegeshwa pale pale juani, vioo vimepandishwa kwa sababu baba hataki vumbi liingie kwenye boksi lake. Mgongo wangu ulikuwa umelowa. Kichwani nilikuwa na hesabu moja tu. Saa saba na nusu tunaondoka. Kabla ya saa nane na nusu tuko Marangu. Bibi anashika kata. Na mimi sina kadi hata moja tupu. Simu yangu, kama mnataka kuuliza, kamera yake ilipasuka tangu tamasha la kwaya. Duka la kadi za namna ile hapa mjini ni moja, na lilikuwa limefungwa, mwenyewe naye kaenda kwao Kibosho kula Krismasi.

Ningeweza kufuta kadi moja. Kiapo cha mmoja wao kikapotea, maana misa nzima ilikuwa faili moja kila kamera, huwezi kufuta mahubiri peke yake. Ningeweza kutofuta. Bibi akapotea.

Msafara ukaondoka na magari kumi na saba yakipiga honi. Nikaendesha. Baba alikaa nyuma, boksi mapajani. Kutoka Moshi mpaka Himo ni tambarare na joto, upepo wenyewe ni wa moto. Kila nikiuliza alinijibu namba tu. Themanini na tano. Themanini na nne. Pale njia panda ya Himo, tunakata kushoto kupanda mlima, tulikuwa asilimia hamsini na moja.

"Ulisema robo saa," nikamwambia kupitia kioo cha kati. "Ulisema nisinunue kadi."

"Endesha gari."

"Naendesha. Nakwambia tu. Mwenye harusi akinidai filamu yake nitamwonyesha daftari lako."

Lilikuwa neno baya kumwambia mzazi, najua. Nililisema hivyo hivyo.

Tukaanza kupanda. Mnaijua ile barabara, kona baada ya kona, migomba inaanza, hewa inabadilika. Nyuma kule baba akasema, "Mia moja na arobaini."

Sikumsikiliza. Baada ya kona kama tatu akasema tena, taratibu, "Mia mbili na kumi."

"Waya umepona?" nikamuuliza kwa kejeli.

Nikasikia anashusha kioo cha dirisha. Ubaridi wa juu ukaingia, ule wenye harufu ya majani mabichi. Kisha, "Mia mbili na sitini." Akapandisha kioo. Nikahesabu kama dakika moja. "Mia moja na tisini." Akakishusha tena. Nikamtazama kwenye kioo cha kati, nikaona ameinua kifuniko cha boksi na kuweka kidole juu ya diski. Akakitoa haraka, akakitia mdomoni.

"Mektrida," akasema. Sauti haikuwa yake. "Inaungua."

"Nini kinaungua?"

"Diski. Ina joto. Ikipata joto inajipunguza mwendo isije ikafa. Lile bati." Akakipuliza kidole. "Lile bati kwenye ile ya ghali si pambo. Linatoa joto. Mimi nimepima Mwika. Mwezi wa saba, ukungu mpaka ndani ya banda, mimi mwenyewe nimevaa koti. Miaka yote hii nimepima kwenye baridi, na sikuwahi kuandika joto hata mara moja. Wanangu wa Dar, wa Tanga, wa Mwanza. Nimewaambia wote wanalipia bati."

Sitaki kudanganya mtu. Sikumwonea huruma. Nilikasirika mara mbili ya mwanzo, kwa sababu sasa hasira ilikuwa na mahali pa kushika. Nikamwambia watu wake elfu kumi na moja watasubiri, mimi nina watu mia tatu juu huko wanasubiri leo, na bibi mmoja ambaye hawezi kusubiri.

Hakubishana. Baba yangu, hakubishana. Alivua koti la suti, akalisogeza boksi dirishani, akalishika likiwa nusu nje kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akawa anapepea kwa lile daftari lake. Mzee wa miaka sitini na mitatu, anapepea kompyuta kwenye barabara ya Marangu, watoto wa njiani wanamshangaa. Mia tatu. Mia tatu na themanini. Mimi nakanyaga mafuta, Probox inalia.

Tukafika saa nane na dakika ishirini na tano. Asilimia sabini na nane, megabaiti mia nne na themanini kwa sekunde, dakika nane zimebaki.

Dakika nane, jamani. Ungesema ni kitu kidogo. Lakini nilipofungua mlango nikasikia kipaza sauti. MC alikuwa ameshatangaza simu zote zikae mfukoni, kwamba huu ni wakati wa Bibi, na mpiga video wetu yupo, atawaletea kila kitu. Watu walicheka kidogo, wakatii. Bibi Salvina alikuwa amekalishwa kwenye kiti mbele ya nyumba, shuka mabegani, mdogo mdogo, na binti mmoja wa ukoo alikuwa anamjia na kata mikononi. Maharusi walikuwa wameshapiga magoti.

Julius alinitafuta kwa macho. Akaniona nimesimama kwenye buti la gari, akatabasamu, akaitikia kwa kichwa kuniambia, haya, tayari.

Nikaishusha kamera begani, nikaangalia boksi. Sabini na tisa. Nikaweka kidole juu ya kadi, ile yenye kiapo cha Julius, pale sauti yake ilipokatika. Nikasema moyoni, kiapo wamekisikia watu wote kanisani, Bibi hatarudi. Nikasema tena, bila kiapo ni harusi gani.

Baba akaushika mkono wangu. "Usiichomoe," akasema. "Usifute kitu. Kaa na namba."

"Baba, anaanza."

"Kaa na namba, nimesema."

Akaondoka bila koti, shati limelowa mgongoni. Mpakani mwa kihamba kile, kama kwetu kote, kumepandwa masale. Akachuma jani moja, akalifunga fundo huku anatembea. Huku kwetu mtu aliyekosa akija na jani lile, humfukuzi na humkatizi. Hata kama ni adui yako, hata kama una haraka, unamsikiliza mpaka amalize, ndipo useme. Hakuna mtoto wa mlimani asiyelijua hilo. Lakini jani linaletwa na mkosaji na wazee wake, faraghani, baada ya vikao. Haliletwi katikati ya harusi ya watu na mzee ambaye hata si wa ukoo.

Nikasikia kelele za sherehe zinashuka, zinashuka, mpaka nikasikia kuku. MC akasema, "Mzee, samahani, ratiba," halafu akakatika mwenyewe. Nadhani aliliona jani.

Nikainamia boksi. Nililiweka kwenye kivuli cha mgomba, kifuniko wazi, nikachukua lile daftari nikaanza kupepea. Themanini na moja.

"Shikamoo, Mama," nikamsikia baba akisema. Kisha akaendelea kwa Kichagga, kwa ile sauti ya juu ya kusemea shambani, na kila mtu alisikia. Alisema jina lake, na jina la baba yake, na kihamba chao Mwika kiko wapi. Alisema amekuja kuikatizia nyumba hii furaha yake na anaomba asikilizwe. Bibi Salvina akamuuliza, amekosa nini. Akasema, nimepima kitu kwenye baridi nikawaambia watu wa joto kwamba kinawafaa.

Watu walicheka. Themanini na nne. Akangoja wamalize kucheka. Akaanza kueleza, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima. Akaeleza diski ni nini. Akamlinganishia Bibi na kahawa, kwamba kahawa iliyoanikwa Mwika na iliyoanikwa Himo hazikauki siku moja, na yeye fundi wa kahawa miaka ishirini na nane alilijua hilo, ila kwenye namba zake akalisahau kwa sababu alishaamini kwamba yeye hakosei. Themanini na nane. Mkono wangu ulikuwa unawaka kwa kupepea, sikuthubutu kubadilisha.

"Umemaliza?" Bibi akauliza.

"Bado, Mama."

Safari hii hawakucheka. Tisini na moja. Nikasikia sauti yake imeshuka, nikajua ameinama au amepiga magoti, kwa sababu ilikuwa inatokea chini. Akasema ana binti, yuko kule kwenye gari. Akasema hivi: binti yangu alitaka kununua kadi zake kwa jasho lake nikamkataza. Leo kazi yake ilipokwama nilimwambia kosa ni lake. Nilimwambia ni waya wake. Nilikuwa sijui kosa liko wapi, lakini nilijua mara moja kwamba si langu. Hivyo ndivyo nilivyoishi na mke wangu na watoto wangu. Nimewaachia wao makosa yote ya nyumba ile, mengine walikuwa hata hawajazaliwa. Akasema, Mektrida, mwanangu, nisamehe.

Tisini na sita.

Nilisikia jina langu. Nilisikia watu mia tatu wamenyamaza na ng'ombe mmoja mbali. Tisini na saba. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye kioo nayafuta kwa kiganja ili niione namba. Bibi Salvina akasema kitu kifupi ambacho sikukipata. Tisini na tisa. Ikasimama pale, tisini na tisa, nikaapiza kwa maneno ambayo sitayaandika. Mia moja.

Nikafuta kadi zote mbili, nikazisukuma kwenye kamera, nikakimbia. Nilipofika mbele baba alikuwa ameshasogea pembeni, anapangusa vumbi kwenye suruali, na Bibi alikuwa ameweka lile jani kwenye paja lake na kuipokea kata. Nikaipata yote. Midomo yake, maneno yake, povu la mbege kwenye kidevu, mikono ya bibi harusi ikiipokea. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Bibi Salvina tulimzika mwezi wa pili. Julius aliniandikia kwamba ameitazama mpaka mkewe amemwambia apumzike.

Baba siku hizi anapima Moshi mjini, saa saba mchana, ndani ya gari lililofungwa vioo, na safu ya joto imeingia kwenye daftari. Amewatangazia wafuasi wake kwamba anayeishi Dar anunue ya bati, au atafute bati aifungie ile ya bei nafuu, na anayeishi mlimani ahifadhi hela yake. Wengine walimtukana, wengine wamebaki. Amepoteza kama elfu mbili. Haongei sana juu ya siku ile, na mimi nashindwa kumuuliza.

Lakini nimewauliza wengine. Nimempigia MC, nimewapigia ndugu zake Julius, nimeuliza kama kuna aliyetoa simu mfukoni kwa wizi. Hakuna, walitii wote. Wananieleza tu. Mmoja anasema baba alipiga magoti yote mawili. Mwingine anasema goti moja, na kwamba alipotaja jina langu aligeuka kuangalia gari, akangoja kidogo kabla ya kuendelea.

Kazi yangu ni kupiga nyuso za watu siku zao kubwa, nalipwa kwa hiyo. Uso wa baba nilikuwa nimeupa mgongo, hatua arobaini, nasoma tisini na sita.